Baiskeli, tembe na sahani ya ugali: gharama ya siku moja kutoka Isaka

Isaka ni mji wa mizigo. Makontena yanashuka kwenye mabehewa katika bandari kavu, yanapanda malori ya Rwanda na Burundi, madereva wanasubiri nyaraka, na mama lishe wanajua nani anakula nini na saa ngapi. Utalii si biashara ya hapa. Kwa hiyo mkazi wa Isaka au Kahama akitamani ile safari ya siku moja ambayo Zanzibar na Bagamoyo inauzwa ikiwa imeshafungashwa, yaani kuendesha baiskeli vijijini, kuona magofu, kula chakula cha wenyeji na kuwa na mtu wa kukuongoza, itambidi aifungashe mwenyewe. Akifanya hivyo ataona kitu ambacho bei ya jumla humficha mteja: baiskeli ni rahisi, kiingilio ni kidogo, chakula hakitishi. Pesa zinakwenda kwenye gari.

Hapo ndipo pa kubana. Mahali pasipofaa kubana ni kwenye malipo ya mwongozaji, na nitaeleza kwa nini.

Mwenye baiskeli na siku moja ya mapumziko ana njia nne zinazoeleweka: Kwihara kule Tabora, Bujora kule Kisesa karibu na Mwanza, vijiji vya hapa hapa Isaka, na Kaole kwa yule ambaye tayari ana safari ya Dar es Salaam. Hazifanani hata kidogo, na tatu kati ya hizo hazina gofu lolote.

Tuanze na Tabora, kwa sababu ndiyo yenye mengi.

Kwihara iko kilomita chache nje ya mji wa Tabora, umbali wa kuendesha baiskeli bila haraka. Kuna tembe, nyumba ya udongo yenye dari bapa, milango ya kuchongwa na ua katikati, ambayo Livingstone na Stanley walifikia Februari 1872. Stanley aliondoka Machi. Mwenzake alibaki akisubiri wapagazi hadi Agosti, kisha akaelekea kusini alikofia mwaka uliofuata. Mteja ajue mapema: jengo analoliona si gofu. Ni tembe iliyojengwa upya katika karne ya ishirini na kufanywa makumbusho. Anayetafuta kuta zilizobomoka na mizizi ya mikuyu juu yake atajiona amepunjwa.

Lakini anayetafuta historia hatapunjika, ila kwa sharti moja. Bila msimulizi, Kwihara ni nyumba ya udongo yenye picha ukutani, na dakika 20 zinaimaliza. Ukiwa na msimulizi anayejua kazi yake, mahali hapo panapanuka. Atakuambia kwamba Stanley alipofika Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, mara ya kwanza mwaka 1871 alijiunga na Waarabu kupigana na Mtemi Mirambo, wakapigwa, na njia ya Ujiji ikafungwa. Atakuambia kwamba Oktoba 1873 Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, na wenzao walipita hapa wakiwa wamebeba maiti yake, wakiendelea hadi Bagamoyo walikofika Februari 1874. Atakuonyesha upande ilikokuwa ngome ya Mtemi Isike, ambaye Januari 1893, Wajerumani walipoivunja, alilipua baruti akiwa ndani. Mwongozaji asiyetaja hata jina moja la Mnyamwezi ndani ya saa nzima hastahili hela yako, hata kama Kiingereza chake kimenyooka.

Sasa gharama. Viwango vya nauli vilivyotangazwa na mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, Desemba 2023 viliweka shilingi 48.47 kwa kilomita kwa basi la masafa marefu la daraja la kawaida, na shilingi 67.84 kwa daraja la kati. Kutoka Isaka hadi Tabora kwa kupitia Tinde na Nzega ni karibu kilomita 200. Kwa kiwango hicho nauli ya kawaida ni chini kidogo ya shilingi 10,000 kwenda, na kwa daraja la kati ni kama 13,500. Ukitajiwa nauli iliyo mbali na hapo, uliza kiwango kinachotumika sasa, na udai tiketi yenye bei iliyoandikwa. Kama hakuna basi la moja kwa moja saa unayotaka, utashuka Tinde au Nzega na kuunganisha. Kuunganisha hakuongezi sana nauli, kunaongeza muda.

Na muda ndiyo gharama ambayo watu husahau kuiandika. Tabora na kurudi ni saa sita au zaidi barabarani. Jua la huku linachelewa kuchomoza kuliko la Pwani na linachelewa kuzama, lakini halikungoji. Ukitoka Isaka saa 12 asubuhi, ukafika Tabora baada ya saa 3, ukatafuta baiskeli, ukafika Kwihara saa 5, jua tayari limekaa utosini. Utakula saa 8, na saa 9 dereva ameanza kutazama saa yake. Umelipa safari yenye vitu vitatu na umepata kimoja na nusu.

Ndiyo maana ninapendekeza Tabora iwe safari ya kulala usiku mmoja, na hapa hesabu inaleta matokeo yasiyotarajiwa. Tufanye mfano, namba za mfano tu, wewe utaweka zako baada ya kupiga simu. Tuseme mwenye Noah amekubali shilingi 250,000 kwa siku, mafuta na dereva ndani yake. Tuseme chumba cha gesti ni 30,000, baiskeli ya kukodi 10,000 kwa siku, na mwongozaji 40,000 kwa kundi zima.

Mtu mmoja akikodi gari hilo peke yake na kurudi siku hiyo hiyo, akala mlo mmoja wa 10,000, anatumia 310,000. Huyo huyo akipanda basi kwenda na kurudi kwa 20,000, akalala, akala milo ya 15,000, anatumia 115,000. Tofauti ni kubwa mno kuitwa ya starehe. Wakiwa wawili kwa basi, kila mmoja ni 95,000, kwa kuwa mwongozaji wanamgawana. Wakiwa watano, gari linakuwa 50,000 kwa kila kichwa, sawasawa na basi na gesti kwa pamoja. Jumla yao kwa gari ni 78,000, kwa basi 83,000, na ile 5,000 iliyozidi ni chakula cha ziada. Kwa hiyo chini ya watu watano usifikirie gari. Zaidi ya watano gari linashinda kwa pesa, ingawa kwa muda bado linashindwa: aliyelala Tabora anaendesha baiskeli saa 1 asubuhi barabara ikiwa na ubaridi, na wa gari ndio kwanza yuko njiani.

Angalia pia mwongozaji alivyobadilika ndani ya hesabu hiyo. Kwa mtu mmoja ni 40,000, kwa watano ni 8,000. Watu wanaobana matumizi humkata yeye kwanza kwa sababu anaonekana kama nyongeza, kumbe kadiri mnavyoongezeka ndivyo anavyokaribia kuwa wa bure. Nyumba utaiona kwa macho yako. Yeye anauza kile kisichoonekana.

Treni? Reli ya Tabora hadi Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, inapita Isaka na bado ina abiria, ila treni haiendi kila siku na saa zake hazikupangwa kwa ajili ya mtu wa matembezi. Kipande cha SGR cha Tabora–Isaka, kilomita 165 pamoja na njia za kupishania, mkataba wake ulisainiwa mwaka 2022. Siku mabehewa ya abiria yatakapoanza kupita hapo, makala hii itabidi iandikwe upya, na naombea hivyo.

Chakula cha Tabora kinahitaji kuagizwa, hakisubiri mezani. Ukiingia mgahawani bila taarifa utapewa wali, maharage na kuku wa kukaanga kama popote nchini, na ukiambiwa hicho ndicho chakula cha kienyeji, umeuziwa jina. Ukitaka kula walichokula wapagazi, mwambie mwenyeji wako jana yake: ugali wa mtama au wa muhogo, mlenda, kisamvu cha karanga, maziwa mgando, na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa. Michembe ni ndugu yake, ila yenyewe hukatwa na kuanikwa bila kuchemshwa. Msimu wa mvua kuna uyoga wa porini. Asali ya Tabora inauzwa mwaka mzima, nayo inunue kwa mtu aliyeirina au chama cha wafugaji nyuki, si kwenye chupa isiyo na jina stendi. Gharama ya mlo wa kuagizwa haipandi sana kwa sababu viungo vyake ni vya bei ndogo. Unacholipia ni kazi ya mama aliyeamka mapema, na hiyo lipa bila kupunguza.

Kisesa ni habari nyingine. Kwa umbali, kutoka Isaka kupitia Tinde na Shinyanga, ni zaidi kidogo ya Tabora, na nauli kwa kiwango kile kile cha kawaida itakuwa kama 11,000. Unachokikuta ni Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, yaliyoanzishwa kwa jitihada za Padri David Clement, mmisionari Mkanada wa White Fathers. Kuna ngoma za watemi, vifaa vya uhunzi na uganga, na jengo lililopewa umbo la kiti cha mtemi. Gofu hakuna. Ila tofauti na Kwihara, hapa vitu vyenyewe vinasimulia, na mtoto wa darasa la nne atakaa saa mbili bila kuuliza mnarudi lini. Mwezi wa Juni, wakati wa sikukuu ya ngoma ya Bulabo, vyama vya ngoma vya Wagika na Wagalu vinashindana kucheza, na siku hizo msongamano wa watu ni mkubwa na anayeongozwa hamsikii mwongozaji wake. Anayekwenda kuona ngoma aende Juni. Anayekwenda kuona makumbusho aende mwezi mwingine.

Baiskeli ya Kisesa ni ngumu kuliko ya Tabora. Kuna vilima na mawe makubwa, na barabara kuu ya Musoma ina mabasi yasiyomhurumia mwendesha baiskeli. Omba njia za ndani, kati ya mashamba, na umwambie mwongozaji wazi kwamba hutaki kukanyaga lami isipokuwa kuivuka. Mlo wake ndio unaoshinda wote kwa wepesi: sato na ugali vipo kila siku, na huhitaji kuagiza mapema. Kwa shule au kikundi cha kanisa kinachojaza Coaster, Bujora ndiyo chaguo langu la kwanza, kwa kuwa watoto wengi kwenye baiskeli ni hatari na watoto wengi mbele ya ngoma ni furaha. Acheni baiskeli nyumbani.

Sasa tubaki Isaka. Hapa magofu hayamo kwenye hesabu, na usimruhusu mtu akuuzie kichuguu kwa jina la ngome. Lakini kwa kipengele cha baiskeli, ni wapi nchini ambapo baiskeli ina heshima kuliko Shinyanga? Hapa ndipo Phoenix hubeba magunia ya mkaa, madumu ya maziwa, mgonjwa anayepelekwa zahanati na bibi harusi. Njia zenyewe zipo tayari, zimechongwa na magurudumu ya miaka mingi. Zinapita kwenye majaruba ya mpunga, kwenye mbuga na kwenye ngitili, yale malisho yanayofungwa msimu wa mvua ili mifugo ipate nyasi kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986 ulizirudisha ngitili katika mkoa uliokuwa umebaki upara, na anayepita leo chini ya migunga anapita kwenye kazi ya watu wa mradi huo. Historia hiyo nayo inasimulika, ingawa haijawekewa kibao wala tiketi.

Gharama ni ndogo mno. Baiskeli ya kuazima au kukodi, kijana au mzee wa kijiji anayezijua njia, ambaye unamlipa kama unavyomlipa fundi kwa siku, na mlo nyumbani kwa mtu. Piteni kwa mwenyekiti wa kitongoji kwanza. Ni adabu, na pia ni kinga: kundi la watu wasiojulikana linalozunguka na simu zikipiga picha, katika ukanda ambako kila mtu anahisi mwenzake ametumwa kutafuta dhahabu, huzua maneno.

Kwa fundi baiskeli kuna mambo matatu ya kukagua kabla ya kulipa, na hayabadiliki uwe Isaka au Tabora: breki zote mbili zikamate, mnyororo usiruke, na tairi zisiwe kipara. Beba tyubu ya akiba, pampu na viraka. Mbigiri hazina huruma, na kiangazi ndipo zinapokauka na kuwa kama misumari. Msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, tatizo linageuka kuwa udongo mweusi wa mbuga: unashika gurudumu hadi wewe unaibeba baiskeli badala ya yenyewe kukubeba. Juni hadi Agosti ndiyo miezi mizuri. Ukichukua baiskeli yako kwenye basi, patana bei ya mzigo kabla haijapanda buti, geuza usukani, ng'oa pedeli, na umwone konda akiifunga.

Njia ya nne ni ya wafanyabiashara. Watu wa Kahama na Isaka wanakwenda Kariakoo kila wiki kufuata bidhaa. Nauli ya basi la kawaida hadi Dar es Salaam, kwa kiwango kile cha LATRA, inakaribia 48,000, na kuifunga safari hiyo kwa ajili ya kutembea tu ni ufujaji. Lakini kama tayari uko huko na mzigo wako unasubiri kufungwa, Bagamoyo ni karibu kilomita 70 tu, nauli ya elfu chache. Magofu ya Kaole yako kama kilomita tano kusini mwa mji. Hapo ndipo penye magofu kweli: misikiti ya mawe ya matumbawe iliyoanza karne ya kumi na tatu, makaburi yenye nguzo, na mikoko nyuma yake. Barabara ni tambarare. Chakula ni cha nazi na samaki, pweza kwa anayemweza. Ukilinganisha shilingi unayoongeza na kitu unachopata, Kaole inazishinda zote, kwa sababu gari umeshalilipia kwa biashara yako. Na kama ulishafika Kwihara, hapo Bagamoyo utasimama mahali ambapo Chuma na Susi waliifikisha maiti pwani.

Huko Pwani ndiko utakakokutana na vifurushi vilivyo tayari, na ndiko mteja wa ndani anakopaswa kufungua macho. Bei nyingi zilipangwa kwa kumfikiria mgeni. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza bidhaa na huduma za ndani ya nchi kutajwa au kudaiwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo ukitajiwa dola, omba shilingi, na uliza kama hiyo ni bei ya raia. Kwenye maeneo ya serikali kiingilio cha raia ni sehemu ndogo tu ya kile cha mgeni, basi kitambulisho cha taifa kiwe mfukoni, si kwenye begi lililobaki gesti. Kiingilio kilipwe kwa namba ya malipo ya serikali na si mkononi mwa mtu. Kampuni iulize leseni yake ya utalii, ile ya TALA, na risiti ya EFD. Halafu uliza swali ambalo halipendwi: bei hii imejumlisha nini? Maji? Kofia ngumu? Chakula cha mwongozaji mwenyewe? Baiskeli ikiharibika njiani, anayelipa fundi ni nani? Kifurushi cha bei ya chini kinachoacha haya nje hupanda njiani kidogo kidogo, na ukifika jioni kimempita jirani yake aliyekuwa ghali.

Kwa msomaji wa Geita, hesabu ya Tabora na Kisesa inageuka. Zamani kivuko cha Kigongo–Busisi kilimlia saa za asubuhi na za jioni, na safari ya siku moja ilikuwa bahati nasibu. Daraja la JP Magufuli, la kilomita tatu hivi, lilifunguliwa Juni 2025. Ukivuka, unafika Usagara, na hapo kuna barabara ya mchepuko hadi Kisesa bila kuingia kwenye foleni ya mjini Mwanza. Kwake yeye Bujora inawezekana kwa siku moja, kwa basi au daladala za kuunganisha, na kurudi kabla ya giza. Hana sababu ya kulipia chumba, na ile 30,000 ya gesti inaweza kusaidia malipo ya mwongozaji na ya sato.